Imebaki mikimbio 16 jioni ya siku ya tano: unalinda sare au unakimbiza?

Mleta mada (Iringa)

Kamwene wadau. Jambo hili limenikaa moyoni tangu Desemba 2013, na juzi tumelibishania tena hapa Miyomboni mpaka chai ikapoa. Nalileta kwenu.

Kwa wasiofuatilia kriketi ya Testi: mechi ni siku tano, kila timu inapiga mara mbili. Anayepiga zamu ya nne, ya mwisho, anakuwa na lengo la mikimbio. Mikimbio ndiyo pointi za mchezo huu. Akilifikia, ameshinda. Wiketi zake kumi, yaani wapigaji kumi wakitolewa, zikiisha kabla, amefungwa. Muda ukiisha naye bado anapiga, sare.

Sasa twende Johannesburg, uwanja wa Wanderers. India waliwawekea Afrika Kusini lengo la 458, na hakuna timu iliyowahi kufika huko. Rekodi ni 418 za West Indies dhidi ya Australia, Antigua, 2003. Faf du Plessis akapiga 134, AB de Villiers 103, lengo likaanza kuonekana. Nilikuwa dukani kwa mzee aliyenifundisha mchezo huu, mvua inapiga bati hata mtangazaji hasikiki. Mzee alichana mfuko wa saruji, akawa anaandika kwa penseli ya fundi: mikimbio inayotakiwa kushoto, mipira iliyobaki kulia. Anakata, anaandika upya. Ajinkya Rahane wa India akarusha mpira ukagonga vijiti, du Plessis katolewa. Kushoto ikasomeka 16. Kulia, ova tatu na ushei (ova moja ni mipira sita). Wiketi tatu mkononi.

Vernon Philander na Dale Steyn wakaacha kukimbiza. Mpira unakuja, wanauzuia tu. Mzee akaweka penseli chini. Mpira wa mwisho kabisa Steyn akaupiga sita, yaani ukaruka mpaka wa uwanja, mikimbio sita kwa mpigo! Wakaishia 450 kwa wiketi 7, pungufu ya nane.

Ile sita ndiyo inayoniuma mpaka leo, maana inaonyesha uwezo walikuwa nao. Testi zimechezwa tangu 1877, na watu waliofika 442 wakaamua kukaa chini mlangoni. Nasema walikosea.

Mchangiaji wa Makambako

Mkuu, mbona hadithi umeikatia njiani? Mfululizo ulikuwa wa mechi mbili tu. Waliobaki kupiga ni Morne Morkel, aliyekuwa ameumia kifundo cha mguu, na Imran Tahir, ambaye kwa kupiga hategemewi. Wakalinda sare, wakaenda Durban wakashinda kwa wiketi 10 (lengo limefikiwa wiketi zote kumi bado zipo), mfululizo wakauchukua 1-0. Wangefungwa Wanderers, Durban ingekuwa ya kusawazisha tu. Mbona Mbeya City wakipaki basi ugenini wakarudi na pointi tunawapigia makofi?

Mchangiaji wa Tukuyu

Nipo na mleta mada, ila kaka wa Makambako asidhani kukimbiza ni kupiga ovyo. Angalieni Brisbane, Januari 2021. Mfululizo ulikuwa 1-1, na sare peke yake ingewabakishia India kombe. Lengo 328, kwenye uwanja ambao Australia hawakuwa wamefungwa tangu 1988. Cheteshwar Pujara akakaa mipira 211 kwa mikimbio 56, anapigwa na mpira mwilini, kwenye kofia, kwenye vidole, anajikung'uta anasimama tena. Nilikuwa naukunja uso kana kwamba napigwa mimi. Yeye ndiye aliyewachosha warushaji, Rishabh Pant akaja kumalizia na 89 bila kutolewa. Wakashinda kwa wiketi tatu. Ulinzi wa asubuhi ulikuwa wa kutafuta ushindi wa jioni. Wanderers walifanya kazi yote ya Pujara, halafu ya Pant wakaikataa.

Mleta mada

Asante dada, hapo kwenye kazi ya Pant umenisemea.

Kaka, Durban siikatai. Lakini jioni ile Durban ilikuwa haijachezwa, hakuna aliyejua itakuwaje. Tupime walichokuwa nacho mkononi. Ili wafungwe, India walitakiwa kuchukua wiketi tatu ndani ya ova tatu na kidogo. Ili washinde, haikufika hata mkimbio mmoja kwa kila mpira. Na kupaki basi kwa mpira wa miguu ni kwa timu iliyozidiwa. Hawa ndio walikuwa wamemzidi mwenzao kutwa nzima.

Mchangiaji wa Makambako

Wiketi tatu za kwenye karatasi, mkuu. Morkel angekuja anachechemea. Hesabu mbili.

Mleta mada

Haya, nahesabu mbili. Philander alimaliza na 25, hajatolewa, si mtu aliyeingia sasa hivi. Wangejaribu ova mbili tu, moja moja, bila kurusha mpira hewani. Akitoka mmoja, wafunge mlango kwa mipira iliyobaki, na sare yako uipate vilevile. Niambie hapo wangepoteza nini.