Dosie za Mwenga na Kalehe: tupeleke La Haye ao tuanze hapa nyumbani?

MwanaMwenga_Lshi

Hodi wandugu. Sisi ni chama kidogo cha familia zilizotoka Kivu ya Kusini, tunaishi Lubumbashi, wengi wetu katika komini za Katuba na Kenya. Tumekusanya maneno ya watu juu ya mambo matatu. La kwanza ni mauaji ya Kasika, Mwenga, Agosti 1998. La pili ni kijiji kimoja cha Kalehe, 2012, ambako watuhumiwa ni askari wa FARDC, jeshi la Kongo. Majina mawili yanajulikana na mmoja wao angali jeshini. La tatu ni la waliokimbia Kalehe 2025, wakati serikali haikuwa tena na mkono katika eneo hilo.

Wazee wanataka tufunge vyote katika bahasha moja tuitume CPI, yaani Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) ya La Haye, maana mahakama ya kijeshi wameikatia tamaa. Vijana wanasema twende parke, ofisi ya mwendesha mashtaka, ya hapa Lubumbashi, ni karibu. Tunaomba ushauri kwa wanaojua: nani anahusika na nini? Tukigonga mlango mmoja, ule mwingine unafungwa? Na fidia hutoka wapi?

Avoka_Ibanda

Ndugu, hiyo bahasha moja msiitume. Tenganisheni dosie tatu leo hii, kwa sababu kila moja ina mlango wake.

Kwanza, CPI si mahakama ya rufaa juu ya mahakama zetu. Mkataba wa Roma, ulioianzisha, unaiita mahakama ya kukamilishia zile za nyumbani. Kifungu cha 17 kinasema kesi haipokelewi La Haye kama nchi yenye mamlaka inaichunguza ao imekwisha kuihukumu, isipokuwa nchi hiyo haitaki kweli kufanya kazi hiyo, ao haiwezi. Kesi lazima pia iwe na uzito wa kutosha. Na kama nchi imekaa tu bila kufanya lolote, hakuna cha kubishania, CPI inaweza kuingia. Germain Katanga, kiongozi wa wanamgambo wa Ituri, alipinga kuhukumiwa La Haye kwa hoja hiyo ya kifungu cha 17, na mwaka 2009 majaji wa rufaa wakamkatalia kwa sababu Kongo haikuwa inamshtaki.

Angalieni pia kesi ya Thomas Lubanga, mkuu mwingine wa kundi la silaha la Ituri. Tangu 2005 alikuwa mahabusu Kinshasa kwa mashtaka mazito. Lakini hakuna aliyekuwa akimchunguza kwa kuwaingiza watoto jeshini, na CPI ilimtaka kwa jambo hilo, kwa hiyo alichukuliwa Machi 2006. Kinachopimwa ni mtu yuleyule na vitendo vilevile. Mtu kufungwa nyumbani kwa kosa lingine hakuizuii CPI.

Kuhusu 1998: CPI haiwezi kabisa. Mamlaka yake yanaanza tarehe 1 Julai 2002. Hata barua iandikwe vizuri namna gani, Kasika iko nje.

MwanaMwenga_Lshi

Yaya, hapo umetuvunja moyo. Basi wa Kasika waende wapi?

Avoka_Ibanda

Wana milango miwili. Wa kwanza ni mahakama za Kongo, kwa sababu uhalifu wa aina hii haufi kwa kupita miaka. Mtetezi atasimama aulize ni sheria gani ya Kongo iliyokuwepo 1998. Jibu liwe tayari katika dosie: kanuni ya kijeshi ya 1972 ilikwisha kuadhibu uhalifu wa kivita, na Kongo ni mwanachama wa Mikataba ya Geneva ya 1949 tangu 1961. Msijenge dosie hiyo juu ya sheria ya 2015, iliyoingiza uhalifu wa Mkataba wa Roma katika kanuni yetu ya adhabu, peke yake, maana sheria ya jinai hairudi nyuma.

Wa pili ni nchi ambako mtuhumiwa anaishi sasa. Ujerumani iliwahukumu viongozi wawili wa FDLR, kundi la waasi wa Rwanda, mjini Stuttgart mwaka 2015, ingawa mambo yalitendeka Kivu. Ufaransa ilimpandisha Roger Lumbala, kiongozi wa zamani wa waasi, kizimbani Paris mwaka 2025 kwa matendo ya 2002 na 2003, kwa sababu alipatikana kwao. Kwa hiyo andikeni mtuhumiwa anakaa nchi gani, ana uraia gani, alionekana mara ya mwisho wapi. Watu huusahau mstari huo, na ndio unaoamua kama mlango huu upo.

Tena, Ripoti ya Mapping ya Umoja wa Mataifa ya 2010 ilikusanya matukio 617 ya kati ya Machi 1993 na Juni 2003. Itajeni, lakini haiwezi kuwa ushahidi wenu. Inamwonyesha mwendesha mashtaka pa kuchimba, na kazi ya kuchimba inabaki.

Kasapa_Sheria

Nijibu la vijana, la parke ya Lubumbashi. Mwathirika kuishi hapa hakuipi mahakama ya hapa mamlaka. Mamlaka yanafuata mahali uhalifu ulipotendeka, mahali mshtakiwa anakaa, ao mahali alipokamatwa. Parke ya hapa inaweza kuipokea barua yenu na kuisukuma kwa wenzao, basi. Ombeni risiti yenye muhuri na namba ya kupokelewa. Bila namba, barua imepotea.

Halafu jueni parke gani. Tangu sheria ya 11 Aprili 2013, raia wasio wanajeshi wanaoshtakiwa kwa uhalifu wa kivita, uhalifu dhidi ya ubinadamu ao mauaji ya kimbari wanahukumiwa na Mahakama ya Rufaa ya kiraia. Hapa Lubumbashi ilikwisha kufanyika: Mahakama ya Rufaa iliendesha kesi ya mgogoro wa Waluba na Watwa wa Tanganyika, ikatoa hukumu 2016. Lakini wa 2012 ni askari. Hao ni wa oditora ya kijeshi, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka wa jeshi, na hakuna njia ya kuwazunguka.

Andikeni cheo chao. Hadi kapteni, ni mahakama ya kijeshi ya garnizoni. Kuanzia meja hadi kanali, ni mahakama ya kijeshi ya mkoa. Jenerali anahukumiwa na Mahakama Kuu ya Kijeshi, Kinshasa. Na hakimu hawezi kuwa na cheo cha chini kuliko mshtakiwa. Kesi za wakubwa hukwama hapo: majaji wenye cheo cha kutosha ni wachache.

Ndosho_Haki

Wazee wasiseme mahakama ya kijeshi ni kazi bure. Nahesabu kwa ninyi: Batumike, aliyekuwa mbunge wa mkoa na mkuu wa kundi la silaha, alifungwa maisha Desemba 2017 kwa ubakaji wa watoto wa Kavumu, na kikao kilihamia Kavumu kwenyewe, wazazi wakasikia kwa masikio yao. Sheka naye, mkuu wa kundi la silaha, alifungwa maisha Goma, Novemba 2020. Ukilinganisha, tangu uchunguzi wa CPI ufunguliwe Kongo Juni 2004, waliohukumiwa La Haye kwa uhalifu wa Kongo ni watatu: Lubanga miaka 14, Katanga miaka 12, Ntaganda miaka 30. Wote ni kwa matendo ya Ituri. Ntaganda huyo huyo tulimjua sisi wa Kivu ya Kaskazini, lakini hukumu yake inahusu Ituri ya 2002 na 2003 tu.

Kasapa_Sheria

Ndugu wa Ndosho, sikubali yote. Umeiacha Minova, kesi ya askari walioshtakiwa kwa ubakaji. Tarehe 5 Mei 2014, kati ya washtakiwa 39, ni wawili tu waliopatikana na hatia ya ubakaji, na mahakama ile ya kijeshi ya operesheni hukumu zake hazina rufaa. Wanawake walitoa ushahidi wakiwa wamefunikwa uso, walieleza yaliyowapata bila kuyumba, na bado hukumu ikawa ile.

Ndosho_Haki

Ni kweli, na inauma. Ila tuseme kwa nini. Walishtakiwa hasa askari wadogo, mmoja mmoja, na mwathirika akatakiwa amtambue aliyemvamia usiku. Dawa ya hapo ni kumfuata kamanda. Mkuu anawajibika kama alijua, ao alipaswa kujua, watu wake wanafanya nini, asiwazuie wala kuwaadhibu. Kwa hiyo dosie ya 2012 isiishie kwa "tuliona askari". Kikosi gani, kilipiga kambi wapi, tarehe gani kilifika na kuondoka, nani alikuwa anaamuru, nani alimpelekea malalamiko siku zile (chifu, padri, mwalimu mkuu), na kwa barua ao kwa mdomo. Nakala ya barua ya chifu kwa kamanda, yenye tarehe, inaweza kuwa na nguvu kuliko mashahidi kumi waliosema "walikuwa wengi".

Mama_Sifa_Goma

Wanangu, nawaomba jambo moja kabla ya mahakama yoyote: acheni kuwauliza tena na tena wanawake waliobakwa. Mwongozo ambao CPI na Eurojust, shirika la Umoja wa Ulaya la ushirikiano wa mahakama, waliutoa 2022 kwa mashirika ya kiraia unasema wazi kwamba mtu aliyeumia asihojiwe kwa kina mara nyingi. Pale pana huruma, na pana sheria pia. Akihojiwa na chama, halafu na shirika, halafu na OPJ (mpelelezi wa polisi), maelezo yanapishana kidogo: mara saa mbili, mara saa nne. Mtetezi atayaweka karatasi hizo pamoja na kusema anadanganya.

Ninyi andikeni machache: nani yuko tayari kusema, anajua nini kwa ufupi, anapatikana kwa njia gani, anahitaji nini. Maelezo marefu mwachieni mchunguzi. Kila mtu mpeni alama, mfano K12-07. Orodha ya majina ikae kwa mtu mmoja, mbali na dosie. Kwa dosie ya 2025 hili ni la lazima, ndugu zenu wangali kule.

Picha na video: msizipitishe WhatsApp kama picha, inazibana na kufuta taarifa za saa na mahali. Zitumeni kama dokima (document), na simu iliyopiga iwekwe bila kufutwa kitu. Andikeni nani alipiga, lini, nani alipokea, nani anaishika sasa. Karatasi za hospitali, chukueni nakala, ya asili ibaki kwa mwenyewe.

MwanaMwenga_Lshi

Asante sana mama. Ya 2025 sasa: hakuna oditora kule. Hii ndiyo ya CPI?

Avoka_Ibanda

CPI wapelekeeni, ndiyo, kwa kuwa mamlaka ipo tangu 2002. Ila someni vizuri: Mei 2023 serikali iliomba CPI ichunguze Kivu ya Kaskazini kuanzia Januari 2022, na Oktoba 2024 mwendesha mashtaka alitangaza kuelekeza nguvu huko. Kalehe ni Kivu ya Kusini. Katika barua onyesheni kama ni vikundi vilevile, makamanda walewale, mapigano yaliyovuka mpaka wa mikoa. Mtu yeyote anaweza kutuma taarifa kwa ofisi ya mwendesha mashtaka, bila malipo, na kuna sehemu ya kutuma kwenye tovuti yao. Lakini taarifa si kesi, yeye ndiye anayechagua.

Na wakati huohuo Kinshasa hawajafungwa mikono. Mahakama za Kongo zinaweza kumhukumu mtu asiyekuwepo: ile ya kijeshi ya Gombe ilimhukumu Corneille Nangaa, kiongozi wa waasi, hivyo Agosti 2024. CPI haiendeshi kesi bila mshtakiwa kuwepo.

Kugonga milango miwili hakukatazwi. Kinachokatazwa ni mtu kuhukumiwa mara mbili kwa tendo lilelile. Katanga alirudishwa Kongo Desemba 2015 kumalizia kifungo, na Kinshasa wakamfungulia mashtaka mengine. CPI iliruhusu Aprili 2016 kwa sababu matendo hayakuwa yale iliyoyahukumu.

Kasapa_Sheria

Fidia. Nyumbani, jiungeni na kesi kama parti sivili, yaani upande unaodai fidia, kabla mijadala haijafungwa. Mkikaa kama mashahidi tu, hukumu haitawapa kitu. Ombeni pia serikali ishtakiwe pamoja na askari wake, maana askari hana cha kulipa. Semeni ukweli kwa wanachama: fidia zinazotolewa na mahakama zetu ni chache sana zilizolipwa. Ndiyo maana sheria ya 26 Desemba 2022 iliweka FONAREV, mfuko wa fidia za waathirika unaokula 11% ya redevansi ya madini (malipo ya makampuni ya migodi kwa serikali), pesa ambayo nyingi inatoka hapa hapa Katanga. Kuandikishwa huko hakungoji hukumu.

CPI fidia inawafikia tu waliodhuriwa na matendo yaliyo ndani ya hukumu. Katika kesi ya Katanga walikubaliwa 297, kila mmoja dola 250 za ishara pamoja na misaada ya pamoja. Na wazee wasichanganye na zile dola milioni 325 ambazo Uganda iliamriwa kulipa Februari 2022: hiyo ni Mahakama ya Kimataifa ya Haki, inahukumu nchi kwa nchi, mtu binafsi haendi pale.

Avoka (wakili) wa bure ombeni ofisi ya ushauri wa bure ya baro, chama cha mawakili.

MwanaMwenga_Lshi

Tumeelewa. Jumapili tunakaa kugawa dosie, na orodha ya majina anaichukua katibu peke yake. Ya 2012 nani aipeleke, sisi ao avoka?

Avoka_Ibanda

Avoka, pamoja na barua yenu iliyosainiwa. Iende kwa oditora mkuu Kinshasa, nakala kwa oditora wa mkoa. Juu kabisa: tarehe, kijiji, grupma (kundi la vijiji), kikosi, cheo. Kurasa tatu zinatosha, viambatisho vipewe namba. Majina ya mashahidi yasiwe ndani. Atakayeyataka aje ayachukue kwa mkono, na aandike kwamba ameyapokea.