Wanataka kuchimba mchanga bonde la ukoo wetu Pemba, naombeni ushauri

BintiPemba
Assalam aleikum ndugu zanguni. Niko kaskazini Pemba, shehia siitaji. Nyuma ya mikarafuu yetu kuna bonde lenye mchanga mzuri, na kisima tunachokitegemea mifereji ya bomba ikikauka. Pembeni kuna kichaka cha mizimu, wazee hawaruhusu hata ukuni utoke. Wiki iliyopita kaja mtu na tipa mbili, anataka kuchimba miaka 3, amlipe ami yangu kwa kila gari. Vijana wanataka, maana watapata kazi ya kupakia.

Mie sikatai mchanga utoke, hata skuli yetu imejengwa kwa mchanga. Ninalotaka ni wanakijiji ndio waseme wapi, kina gani, na mwisho lini. Nimekwenda kuangalia walikochimba shehia ya jirani. Shimo limefika kwenye shina la mkarafuu, mizizi inaning'inia hewani, chini maji ya kijani na watoto wanaogelea humo. Mwenye mti kaambiwa ardhi si yake, hajalipwa kitu. Nianzie wapi?

Karani_Wete
Waalaikumu salaam dada. Ami asitie saini popote. Kwa Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya 1992, ardhi ya Zanzibar ni ya umma, sisi tuna haki ya matumizi. Kuuza karafuu zako ni jambo moja, kuchimba mchanga ni jingine, kunataka kibali cha serikali. Mwendeeni sheha, mkuu wa shehia yenu, muulize kwa idara ya serikali inayosimamia mchanga kama huyo bwana anacho. Pia Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2015 inadai miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira, na hapo ndipo la kisima lisemwe.

Tena, kwetu mti una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe. Hesabuni vipando vyote sasa hivi, mpige picha, sheha agonge mhuri. Shimo likishachimbwa hakuna atakayekuamini palikuwa na mkarafuu.

MtuWaPete
Mimi ni wa Unguja, jirani na msitu wa hifadhi wa Jozani. Wakulima wetu waliteseka, kima punju, yule kima mwekundu, anakula nazi changa na haguswi. Kilichotuliza watu ni vijiji kuwa na kamati zao na sehemu ya viingilio vya wageni kurudi kwetu. Sheria ya misitu ya 1996 inaruhusu jamii kufunga makubaliano na idara ya misitu wasimamie msitu wao wenyewe. Mipaka tuliipita kwa miguu, wazee mbele, tukatenga pa kukata kuni na pasipoguswa kabisa. Hicho kichaka cha mizimu kiingizeni humo mapema. Na kwenye kamati wawemo wanawake, maana wateka maji ndio wanaojua kisima kinapoanza kubadilika.

Dereva_wa_Tipa
Kazi yangu ni hiyo hiyo ya mchanga, wacha niseme ninachokiona. Shimo moja lifukiwe kwanza ndipo lifunguliwe la pili. Udongo mweusi wa juu usipakiwe, usukumwe pembeni urudishwe baadaye, bila huo haioti hata mihogo. Wekeni kijana na daftari njiani ahesabu magari. Anayekataa masharti haya kwenye mkataba anataka kuwaachia mashimo.

Mzee_Shamba
Mwanangu, kabla ya sheha nenda kwa ami yako. Usimfikie na sheria, muulize kimembana nini.

BintiPemba
Ahsanteni sana. Nimekaa na ami jana baada ya magharibi. Msimu wa karafuu ulimwangusha, ana deni la kupalilia. Hajasaini, ila keshapokea arubuni, pesa ya utangulizi. Inamfunga?

Karani_Wete
Irudisheni mbele ya sheha na mashahidi wawili, muandikiane. Msichelewe.

BintiPemba
Ndugu tumechanga pesa ya kurudisha arubuni, imebaki kidogo itimie. Sheha kaitisha mkutano Ijumaa baada ya sala, na kina mama wa kisimani wote nimewaambia waje. Kesho alfajiri mie na ami tunahesabu mashina.