Tupeane uzoefu: alamisho kupotea kwenye vivinjari vya faragha

Mwalimu wa Mkunazini
Assalaam alaykum wenzangu. Mie nafundisha skuli hapa mjini. Kwa miaka minne nimekusanya kurasa za masomo, mitihani ya zamani na video za maabara, alamisho (viungo vya kurasa nilivyohifadhi kwenye kivinjari) zaidi ya 600, nimezipanga mada kwa mada. Nilihamia kivinjari cha faragha kwa kuchoka kufuatwafuatwa na matangazo, na hilo sijutii hata leo. Sasa Ramadhani hii, nashuka boti ya Pemba pale Malindi, simu ikanichopoka mkononi, chubwi! Laptopu nayo nilikuwa nshaifuta yote wiki ile ile. Simu mpya inanitaka msimbo wa kusawazisha, yaani wa kuunganisha vifaa vyangu viwe na alamisho zile zile, na msimbo nilikuwa nimeupiga picha kwa simu iliyozama. Nikawaandikia wenye kivinjari, wakanijibu kwa upole kwamba ufunguo hawanao. Nililia jamani. Nyie yamekukuteni yepi?

Mkaazi wa Chake
Pole sana mwalimu. Alamisho hufungwa kwa ufunguo kwenye simu yako kabla hazijapanda kwenye seva, yaani kompyuta za wenye kivinjari, kwa hiyo kule wanakaa na maandishi wasiyoweza kuyasoma. Mie natumia Brave. Kusawazisha kwake hakutaki akaunti, vifaa vinaungana kwa maneno 24 na la 25 linalobadilika kila siku. Ndiyo maana karatasi niliyoandikia maneno siitegemei peke yake: kila mwezi natoa alamisho zote kwa faili la HTML, naweka kwenye flashi.

Fundi wa Wete
Yangu ni ya kufuta. Mwanangu kachezea tableti, kafuta folda nzima ya michoro ya saketi, na simu yangu ikafuta pale pale mbele ya macho yangu. Kusawazisha si kuhifadhi, makosa nayo yanasawazishwa! Kilichoniokoa ni umeme, ulikuwa umekatika na kompyuta ya dukani imezima. Uliporudi, kabla sijaiwasha nikachomoa waya wa intaneti. Nikaiwasha, folda ile pale. Nikaitoa kwa faili kwanza, ndipo nikarudisha waya. Mikono ilikuwa inatetemeka.

Dada wa Paje
Tor Browser haisawazishi kabisa, kila kifaa na chake. Kwenye Firefox, ukisahau neno la siri ukalibadilisha bila ufunguo wa kurejesha akaunti, vilivyo kwenye seva vinafutwa, ila kompyuta ambayo bado inavyo itavipandisha tena. Basi usifute kompyuta kabla hujahakikisha. DuckDuckGo wao wanakupa msimbo wa kurejesha kwa PDF. Wangu nimeuchapisha, umo pamoja na hati ya kiwanja.

Mwalimu wa Mkunazini
Ahsanteni sana. Nimepekua WhatsApp za wanafunzi wangu, nimeokota viungo 41 nilivyowahi kuwatumia. Flashi nshainunua Darajani leo alasiri. Naanza na Kidato cha Pili, maana wao wana mtihani karibu. Mwenye kurasa nzuri za Biolojia anitumie.