Nimepima UKIMWI mara saba, mara saba nikaambiwa "hongera, uko salama". Leo mirija yote miwili ya uzazi imeziba

Wakuu, shikamooni wakubwa, wengine habari za jioni. Uzi ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira, mwenye haraka apite. Mods, naomba msiuunganishe na ule wa "dawa ya UTI sugu". Huu ndio unaoulalamikia ule.

Mimi ni mwanamke wa miaka 33, niliolewa 2018, sina mtoto. Wiki mbili zilizopita nimepiga picha ya mirija, ile wanayokuingizia dawa kwa chini halafu wanakupiga eksirei. Waliowahi kuipiga wanaijua, unang'ata kanga. Daktari akaibandika ile picha kwenye taa, akawa ananionyesha kwa ncha ya kalamu: kizazi hiki hapa, kama pembetatu nyeupe iliyopinduliwa. Halafu pale kwenye pembe zake, ambapo ilitakiwa ionekane mistari miwili myembamba kama uzi, hakuna kitu. Dawa imegota mlangoni, kulia na kushoto. Akakaa kimya kidogo, akaniuliza, "Dada, umewahi kuugua klamidia au kisonono?"

Kisonono nakijua. Shuleni tuliambiwa ni ule ugonjwa wa wanaume wanaolia wakikojoa. Klamidia ilibidi nimwombe aniandikie kwenye karatasi: ni ugonjwa mwingine wa kuambukizana kwa ngono, na yote mawili yasipotibiwa yanaweza kuziba mirija.

Sasa msije mkaniambia matangazo hayakunifikia. Nimekulia ndani ya matangazo. Shule ya msingi ukutani kulikuwa na fuvu la kichwa na maandishi mekundu, UKIMWI UNAUA, na sisi watoto tulikuwa tunaokota maneno ya wakubwa mtaani, A-I-D-S, Acha Iniue Dogodogo Siachi, tunacheka. Hivyo ndivyo vitisho vilivyofanya kazi. Nyumbani redio ilikuwa haizimwi saa ya ule mchezo wa Twende na Wakati. Sekondari ikaja Fataki, kampeni ya kuwasema watu wazima wanaowarubuni mabinti, na ile niikubali, ilikuwa kali: mzee akipanda daladala na binti mwenye sare ya shule, kiti cha nyuma kinaguna "fataki huyo", jina likashika mpaka leo. Ikaja Tuko Wangapi? Tulizana, ya kuacha wapenzi wengi. Mwaka naoolewa ndio wanazindua Furaha Yangu, ya kuhimiza kupima VVU: Pima, Jitambue, Ishi. Kanisani walitaka cheti cha vipimo, tukaenda wote wawili, tukatoka hasi. Mshauri akatushika mikono: hongereni, mko salama.

Hilo neno "salama" ndilo ninalolidai leo. Salama na nini? Mlikuwa mmepima kirusi kimoja. Hakuna hata mmoja katika mara zote saba aliyeongeza sentensi ndogo tu: "lakini hiki kipimo hakionyeshi kaswende, wala kisonono, wala klamidia, ukiona maumivu chini ya kitovu usiende dukani." Sekunde kumi!

Mwaka uliofuata nikaanza kuumwa chini ya tumbo na kutokwa uchafu. Nikaenda wapi? Duka la dawa, kama ninyi wote. "Hiyo UTI dada yangu," nikapewa Cipro. Ikatulia, ikarudi. Nikapewa Azuma. Ikatulia, ikarudi. Nikaenda zahanati nikapimwa mkojo, na majibu mnayajua kabla sijayasema: malaria hakuna, UTI ipo, taifodi imeanza kidogo. Katika nchi hii ukifika hata na kidole kilichobanwa na mlango utaondoka na UTI. Hakuna aliyeniuliza habari za mume wangu. Hakuna aliyesema mwenzako naye atibiwe, maana ukitibiwa peke yako mnaurudishiana kama mpira.

Nimeanza kusoma baada ya kuwa nimeshaumia, kwa hiyo nivumilieni. Klamidia kwa wanawake wengi haina dalili kabisa. Kisonono kwetu nacho mara nyingi kinakaa kimya, ule "mwanaume anayelia" ni nusu ya habari. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 kulikuwa na maambukizi mapya milioni 374 ya magonjwa manne yanayotibika: klamidia, kisonono, kaswende na trikomona. Trikomona peke yake milioni 156. Mkono juu, nani amewahi kuona bango la trikomona? Na hiyo klamidia iliyonimaliza, ikijulikana mapema, tiba yake ni vidonge vya doksi (doxycycline) vya wiki moja vya kuandikiwa na daktari, wewe na mwenzako. Wiki moja! Bei yake haifiki nauli yangu ya daladala ya siku hizo saba.

Vituo vingi vidogo vinatibu kwa kuangalia dalili kwa sababu maabara ya kupima haya mambo haipo, sawa, naelewa umaskini. Lakini kama mnatibu kwa dalili, na ugonjwa wenyewe hauna dalili, kilichobaki si ni kuwaambia watu? Au mlitaka tuote? Kaswende angalau mjamzito anapimwa kliniki pamoja na VVU, na ni jambo zuri. Sasa mimi ambaye ugonjwa ndio unanizuia kubeba mimba, hiyo kliniki niingie kwa mlango upi?

Halafu jina lenyewe. Magonjwa ya ZINAA. Mnajua zinaa ni nini? Ni dhambi ya wasiooana. Mimi nimeolewa kwa pete na kwaya, halafu nikae kwenye benchi nesi aite kwa sauti "wale wa magonjwa ya zinaa mlango wa tatu". Nani anasimama? Kwenye ile foleni nilimwona mama mmoja mtu mzima, amevaa baibui, kila anapoitwa anatazama simu. Mwishowe akaondoka. Kuna nyaraka zinaandika "magonjwa ya ngono", kwa hiyo neno lingine lipo na wanalijua. Ila bango likienda kwa wananchi linarudi kuwa zinaa, tuhukumiwe kwanza kabla ya kutibiwa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hili jambo dunia ilijifunza kwetu. Mwanza! Mwanzoni mwa miaka ya 1990 walichukua jamii za vijijini 12, sita wakazifundishia wahudumu wa zahanati kutibu vizuri haya magonjwa mengine, dawa zikapelekwa bila kukatika, watu wakaelimishwa. Matokeo yakatoka 1995: maambukizi mapya ya VVU yalipungua kwa takribani asilimia 40 ukilinganisha na zile sita nyingine. (Wataalamu mtakuja na utafiti wa Rakai, Uganda, ambako waligawa dawa kwa kila mtu mzima na VVU havikupungua. Nimeusoma, mazingira yalikuwa tofauti, na hata hivyo mirija yangu haikuhitaji VVU ili izibe.) Ila pesa ya wafadhili ilikuja na jina la ugonjwa mmoja, na matangazo yakafuata pesa.

Na pengo likajazwa. Tokeni nje mtazame nguzo ya umeme iliyo karibu. Kwangu kuna karatasi ya njano, imegongwa kwa misumari minne: "UTI SUGU, UCHAFU UKENI, MIRIJA KUZIBA, MAUMIVU WAKATI WA TENDO, KUKOSA MTOTO. PIGA." Ndiyo, ni ya mganga. Dalili zangu zote tano zimepangwa kwa lugha yangu, bila kuniita mzinzi, na namba ya simu ipo. Nimepita chini ya ile karatasi miaka mitano. Wenye dawa ya kweli walikuwa ndani ya fensi ya kituo cha afya na bango lao la ukutani lina familia inatabasamu na maneno JALI AFYA YAKO. Kujali vipi? Kwa kufanya nini, saa ngapi, mlango gani, shilingi ngapi?

Nilimpigia yule mganga, ndiyo. Laki moja na nusu ya kusafisha kizazi. Majani ya kukalia mvuke na chupa mbili za maji ya kahawia. Mnicheke tu.

NYONGEZA saa 4 usiku: Naona majibu yanamiminika. Aliyeandika "ungetulia na mumeo yasingekukuta", nimetulia na mume wangu tangu siku ya kwanza, na huyo mume ukimwambia akapime anasema "mbona mimi siumwi?" Angejuaje kwamba anaweza asiumwe na akaambukiza? Nani alimwambia? Hilo ndilo ninaloongea tangu juu.

Dada uliyeuliza kama bado kuna njia: daktari amenitajia kupandikiza mimba (IVF), akanitajia na bei, nikashukuru nikachukua begi langu.

Mkuu unayefanya kazi kwenye hizo kampeni, asante kwa kujitokeza. Unasema ujumbe mwingi unawachanganya wananchi. Mkuu, yule mganga ameweka magonjwa matano kwenye karatasi moja na sijachanganyikiwa hata kidogo.

Na ninyi watatu mlionifuata PM kuomba namba ya kwenye nguzo, siitoi.