Kutoka Make kwenda Meson: nitabanwa?

Hamjambo wenzangu. Niko Kondele, Kisumu. Programu yetu ya mizani ya samaki imeandikwa kwa C, inajengwa kwa Make, zana ya kugeuza msimbo kuwa programu. Juzi nilibadilisha faili la kichwa (.h, lenye maelezo ambayo faili nyingine za msimbo huyatumia), Make haikujenga upya msimbo unaolitegemea, na ngege wa kilo 2 akasomeka 0 mbele ya mama muuzaji. Niliumia sana. Nataka kuhamia Meson, zana nyingine ya kazi hiyohiyo, ila Make inaniachia niite amri yoyote ya sheli.

— Utabanwa, ndugu, na ni makusudi: Meson haikuruhusu kuunda funkisheni zako katika faili zake za ujenzi. Lakini faili za kichwa inazifuatilia yenyewe. Hesabu kwanza mistari isiyo ya kawaida katika Makefile yako, yaani faili la maagizo ya Make.

— Nimehesabu usiku. Kati ya mistari 900, ni 12 tu, inayotengeneza jedwali la bei.

— Basi hama! Hiyo 12 iandike kwa Python, uiite kwa custom_target, amri ya Meson ya kuendesha programu yako wakati wa kujenga. CMake, zana nyingine ya ujenzi, ina funkisheni, lakini uhuru huohuo ndio uliozaa Makefile ya mistari 900. Ila usifute Makefile ya zamani kabla hujapima samaki kwa programu zilizojengwa kwa zote mbili.

— Asante sana. Kesho alfajiri niko ufuo wa Dunga na mizani.