Tupeane uzoefu: pleti ya kupikia nje (chapati, mayai, nyama), uchague ipi?

mzee_wa_pleti

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni wa wote wanaotafuta pleti bapa ya kupikia nje, iwe ya uani nyumbani au ya kibanda cha biashara. Dukani wengi huangalia ukubwa na mng'aro. Pleti hudumu kwa unene wake na kwa namna inavyokaa juu ya moto. Mafundi wa kuchomelea, watu wa gesi, wa mkaa na wapishi, karibuni mmwage vipimo.

Naanza na unene, kwa chuma cha kawaida, kipande cha sm 60 kwa 40. Kipande hicho kinaingia chapati 6 za sm 18 zikikaa karibukaribu, kwa familia kinatosha. Kikiwa cha mm 3 kina uzito wa kilo 5.6 hivi, cha mm 6 kilo 11.3, cha mm 10 karibu kilo 19.

Ya mm 3 hupata moto upesi, lakini juu ya mkaa inajikunja. Katikati panapata moto kwanza na kutanuka, kingo bado za baridi zimepabana, basi panavimba kwenda juu au panabonyea chini. Ikivimba, mafuta yote yanakimbilia pembeni, yai linateleza, chapati inaungua upande mmoja na kubaki mbichi upande wa pili. Ya mm 10 haitikisiki hata ukiimwagia kilo mbili za nyama iliyotoka kwenye friji, ila inachelewa kupata moto na inakula nishati nyingi kabla hujaweka kitu. Hiyo ni ya kibanda kinachopika mfululizo toka asubuhi. Nyumbani chukua mm 6.

Na pimeni wenyewe. Maduka ya chuma huuza pleti nzima ya futi 4 kwa 8, lakini huwa na vipande vilivyobaki, ulizia hivyo. Kinachouzwa kwa jina la mm 6 wakati mwingine ni 5. Kama huna kifaa cha kupimia unene, weka kipande cha 60 kwa 40 kwenye mizani: kilo 11 na ushee ni mm 6 kweli, kilo 9.4 ni mm 5.

fundi_moto

Mzee umesema vema. Naongeza ya karakana.

Msikubali fundi achomelee pleti kwenye fremu kuzunguka pande zote. Chuma hutanuka. Pleti ya sm 60 ikitoka joto la kawaida na kupanda nyuzi 200 hurefuka karibu mm 1.5. Ikizuiwa na fremu, lazima ipinde au ipasue weldi. Pleti ilale tu juu ya fremu ya engo (chuma chenye umbo la L), na pembeni iachwe nafasi ya mm 3 kila upande. Ili isihame, weka vijiti viwili vifupi vya nondo chini yake vinavyoingia ndani ya fremu kwa kulegea.

Ukingo wa kuzuia mafuta uwe flatiba (ukanda wa chuma bapa) ya sm 5 kwenye pande tatu, mbele pabaki wazi kwa ajili ya mwiko. Hapo ndipo mafundi wengi wanaharibu kazi: wanapiga weldi ndefu mfululizo, ikipoa inavuta pleti, unachukua mzigo mpya ambao tayari umepinda. Achomelee vipande vya sm 2 au 3, aruke sm 15, ahamie upande wa pili, arudi. Kabla hujalipa, simamisha rula ndefu juu ya pleti kwa kona na kona, uangalie mwanga chini yake.

Mabati na paipu zenye zinki zisikaribie moto wala chakula. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420 hivi, ikichomelewa moshi wake unaleta homa, na vitu vichachu kama ndimu na nyanya huila ikaingia kwenye chakula. Vipande vya mapipa ya kemikali navyo acheni kabisa.

MamaChapati

Habari zenu kaka zangu. Pleti mpya haipikiwi siku hiyohiyo, naomba wote mlisikie hili.

Ina gamba la kijivu la kiwandani na mafuta ya kuzuia kutu. Gamba hilo likiachwa litabanduka vipandevipande ndani ya chapati. Fundi alitoe kwa grainda yenye diski ya msasa, au uilaze na siki usiku kucha kisha uisugue kwa steelwaya. Osha kwa sabuni na maji ya moto, kausha juu ya moto hapohapo, kwani chuma kitupu kinashika kutu ndani ya saa chache.

Halafu inyweshe mafuta. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya alizeti kinatosha pleti nzima ya 60 kwa 40. Paka, kisha chukua kitambaa kikavu ufute kama vile ulikosea kupaka. Washa moto wa wastani mpaka itoe moshi na moshi uishe. Rudia mara nne au tano. Rangi itatoka kijivu, itaingia kahawia, itamalizia nyeusi. Mafuta yakizidi hayagandi sawasawa, yanabaki utomvu unaonata, na chapati ya kwanza itang'ang'ania hapo. Dawa yake ni kukwangua na kuanza upya, kuongeza mafuta hakusaidii.

Siku za mwanzo pika vitu vya mafuta: chapati, vitunguu, mayai. Nyanya, ndimu na siki vingoje, vinakula ile ngozi nyeusi kabla haijakomaa.

Kipimo cha moto: nyunyiza matone ya maji. Yakichemka taratibu na kukauka, ni moto wa yai. Yakiruka na kukimbia juu ya pleti kama shanga, uko kwenye nyuzi 200 hivi, weka chapati au nyama. Pleti ikianza kutoa moshi wenyewe bila chakula, punguza.

mtu_wa_mtungi

Wadau, hamjambo. Mimi nasemea gesi.

Kama una grili ya gesi na unataka kuweka pleti juu yake, usifunike uso wote. Acha angalau sm 5 kila upande. Ukiziba, hewa chafu inakosa pa kutokea, moto unageuka wa njano, sufuria na pleti zinapata masizi, na joto linarudi mbele kwenye vifundo vya kuwashia na mpira wa gesi. Vifundo vikianza kulainika, ujue mahali pa kuanzia kutafuta kosa ni hapo.

Bana (kichwa kinachotoa moto wa gesi) moja katikati ya pleti ya sm 60 haitoshi, pembe zitabaki baridi. Weka bana mbili, kila moja na kifundo chake. Moja ukiiwasha juu na nyingine chini, unapata upande wa kuchoma na upande wa kutunza chakula kikiwa moto. Mtungi ukae kando, kamwe usiwe chini ya pleti, na kila ukibadilisha mtungi paka povu la sabuni kwenye maungio. Povu likitoa mapovu mapya, gesi inavuja, funga mtungi.

sigiri_kampala

Kwa mkaa: pleti ikae sm 8 hadi 10 juu ya makaa. Karibu zaidi inaungua katikati. Wauza rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai) wengi huku Kampala wanatumia pleti ya duara, na ndiyo inayofaa sigiri (jiko la mkaa) ya duara. Mstatili juu ya sigiri ya duara una pembe nne zisizopika. Na mkaa ni wa nje, au penye upepo wa kutosha. Chumba kilichofungwa kinaua.

BintiPwani

Hamjambo nyote. Anayekaa Unguja, Mombasa au Dar karibu na bahari, hewa ya chumvi haina huruma. Tawa (pleti za kukaangia) za wauza pizza pale Forodhani, Unguja, hazishiki kutu kwa kuwa kila jioni zina mafuta na moto. Ya nyumbani inayotumika Jumapili tu ndiyo inayooza. Kila ukimaliza, kwangua ingali moto, futa, paka mafuta kiasi cha kuonekana kung'aa tu, iache ipoe, ndipo uifunike. Ukifunika ikiwa moto, mvuke unabaki chini ya kifuniko na asubuhi una madoa ya kutu.

Nauliza: je, chuma cha pua (stainless, kisichoshika kutu kirahisi) si bora kwetu?

fundi_moto

Dada, kwa fremu na trei ya mafuta, ndiyo. Kwa uso wa kupikia, sipendekezi. Chuma cha pua kinasambaza joto kwa kiasi cha theluthi moja tu ya chuma cha kawaida, kwa hiyo utaona alama ya bana kwenye chapati, na yai linanata. Chuma cha kumimina (cast iron) ni kizuri sana kwa moto, ila ukikimwagia maji baridi kikiwa moto kinaweza kupasuka, na kikipasuka hakichomelewi kirahisi. Pleti zenye rangi nyeusi isiyonata ziache kwa moto mdogo wa ndani. Juu ya mkaa rangi ile inaharibika.

MamaChapati

Na kwa pleti ya chuma chochote, maji ya kusafishia yawe ya moto, nusu kikombe tu, ukikwangua kuelekea tundu la kutolea mafuta. Tundu hilo liwe kona ya nyuma penye ukingo, na miguu ya mbele inyanyuliwe mm 4 au 5. Zaidi ya hapo yai litatembea.