Natafuta ukoo wa babu kwenye tanzia za magazeti ya zamani

Mtoto wa Kariakoo: Wakuu habari za saa hizi. Babu mzaa baba alifia hapa Dar miaka ya sitini, kwao inasemekana Kilwa ila kijiji hakuna anayekijua, shangazi anakumbuka tu tanzia ilitoka gazetini. Naanzia wapi jamani?

Mzee wa Ilala: Pole mjukuu wangu. Gazeti la Uhuru lilianza 1961, nyuma yake kuna Mambo Leo la tangu 1923. Nenda maktaba ya Chuo Kikuu pale Mlimani, ulizia East Africana, ule mkusanyiko wao wa vitabu na magazeti ya Afrika Mashariki, au Nyaraka za Taifa kule Upanga. Sasa ukiipata usiishie kwenye jina la marehemu, soma ule mkia, "habari ziwafikie fulani wa Kivinje, fulani wa Mafia popote walipo", ukoo wote umo humo maana enzi hizo simu nani alikuwa nayo.

Dada wa Temeke: Na jina usiling'ang'anie, mtu huyohuyo huku Saidi bin Juma kule Said Juma tu. Mi ningeangalia na matangazo ya mirathi, hayo yanatoka baadaye na yanamtaja msimamizi, saa nyingine mpaka nyumba na mtaa, ukishampata msimamizi wanawe wapo tu mjini hapa.

Mtoto wa Kariakoo: Mirathi hata sikuwaza! Shangazi nae kusikia Kivinje, si ndo hukohuko Kilwa, kakurupuka eti kuna wifi yake aliolewa huko, miaka yote hiyo kanyamaza tu 😂 Jumatatu niko Mlimani.